Vyumba Vidogo vya Majadiliano katika Madarasa ya Mtandaoni

Darasa la mtandaoni lenye watu 40 lina kasoro ambayo ukumbi wa kijiji hauna. Ukumbini, anayetaka kumnong'oneza jirani yake humnong'oneza, na mara nyingi ni katika mnong'ono huo ndimo swali zuri linamozaliwa. Mtandaoni hakuna jirani. Sauti moja hufunguliwa, nyingine 39 hunyamaza, na kila asemaye husema mbele ya wote, wakiwamo mwenyekiti wake, mwalimu wa mtoto wake na pengine mkwewe. Matokeo yake yanafahamika kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria: watu watatu au wanne hushika mazungumzo toka mwanzo hadi mwisho, na waliobaki huandika "nimesikia" katika sehemu ya ujumbe, kisha huondoka.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa kasoro hiyo. Dakika 30 za majadiliano zikigawanywa sawasawa kwa watu 40, kila mmoja hupata sekunde 45, nazo hazigawanywi sawasawa kamwe. Watu hao hao wakigawanywa katika makundi ya watu 4 kwa muda wa dakika 12 tu, kila mmoja hupata dakika 3. Muda umepungua kuliko nusu, na nafasi ya kusema imeongezeka mara nne.

Mgawanyo huo ndio kazi ya vyumba vidogo. Programu zinazotumika kwa madarasa ya video, kama vile Zoom, Microsoft Teams na Google Meet, humwezesha mwezeshaji kuwapeleka wahudhuriaji katika vyumba vya pembeni, kila chumba kikiwa na watu wake, sauti yake na sehemu yake ya ujumbe. Waliomo chumba cha kwanza hawawasikii waliomo cha pili. Mwezeshaji anaweza kuingia chumba chochote, kutuma tangazo fupi kwa vyumba vyote kwa mara moja, na mwishowe kuvifunga ili watu warejee ukumbini. Zoom ilikuwa na huduma hiyo kabla ya janga la UVIKO-19. Teams na Meet ziliipata kabla ya mwaka 2020 kumalizika, baada ya walimu wengi duniani kujikuta wakifundisha mbele ya kamera. Akaunti za bure zina mipaka yake: mkutano wa Zoom wa bure hukatika baada ya dakika 40, na vyumba vya Meet havipatikani katika akaunti ya kawaida ya bure. Jambo hilo huulizwa mapema, si wakati watu wamekwisha kuingia na bando linakatwa.

Hata hivyo, kuwagawa watu vyumbani si kuwafundisha. Kosa linalorudiwa mara nyingi ni la mwezeshaji anayefikia katikati ya somo, akachoka, akasema "sasa nendeni mkajadili kwa dakika kumi", kisha akabonyeza kitufe. Watu wanne wasiofahamiana hujikuta wakitazamana kwenye kioo. Mmoja anauliza, "Tumeambiwa tufanye nini?" Wa pili kamera yake imezimwa. Wa tatu mtandao umemtoa. Dakika ya sita mmoja huanza kusema, na dakika ya kumi wanarudishwa ukumbini bila kitu mkononi. Chumba hufaa kwa kadiri ya kazi iliyoandaliwa kabla mlango wake haujafunguliwa, na sehemu kubwa ya somo hili inahusu maandalizi hayo.

Redio ilivyofanya kazi hiyo kabla ya kamera

Wazo la kuunganisha chombo kimoja kinachosikika nchi nzima na vikundi vidogo vinavyojadili lina historia ndefu nchini Tanzania. Baada ya Mwalimu Julius Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kampeni za elimu kwa njia ya redio zilifuatana. Kubwa iliyotia fora ilikuwa ile ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya, ambayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa mratibu wake. Watu wapatao milioni 2 walishiriki kwa muda wa wiki 12, wakiwa katika vikundi vilivyoongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo kwa kazi hiyo. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Mtambo ulikuwa mmoja, lakini mafunzo hayakuachwa ndani ya mtambo. Kikundi kilisikiliza kipindi kifupi kuhusu malaria, kichocho au maji machafu, kikasoma sura ya kitabu iliyolingana na kipindi, kikajadili hali ya mahali pake, kisha kikaamua la kufanya: choo kichimbwe, nyasi zifyekwe, madimbwi yafukiwe. Kiongozi hakuwa mhadhiri. Alifundishwa kuuliza, kumngoja anayesita na kuhakikisha kwamba uamuzi umepatikana kabla watu hawajatawanyika.

Ukiyatazama mambo hayo kwa jicho la leo, kila kilichowekwa na waandaaji wa redio ndicho kinachokosekana katika vyumba vingi vya mtandaoni: maandishi mafupi mkononi, kiongozi aliyetayarishwa, swali linalohusu mahali pa wasikilizaji, na tendo la kufuata. Redio ya mwaka 1973 haikuweza hata kuwasikia watu wake, ilhali mwezeshaji wa leo anaweza kuingia chumba hadi chumba na kuwasikia. Ingekuwa aibu chombo chenye uwezo mkubwa zaidi kutoa matunda haba kuliko hicho cha betri.

Watu wangapi katika chumba kimoja

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu waliovuta kamba, mmoja mmoja na kisha kwa makundi. Kundi la watu 8 lilivuta takriban nusu tu ya jumla ya nguvu ambayo watu hao wangeitoa kila mmoja akivuta peke yake. Sehemu ya upotevu hutokana na kutovuta kwa pigo moja. Sehemu nyingine ina jina ambalo kila aliyeshiriki kazi ya msaragambo analijua: kutegea. Mtu hulegeza mkono akijua kwamba kamba itakwenda hata bila yeye.

Mazungumzo nayo yana kamba yake. Katika chumba cha watu 4 kuna jozi 6 za watu wanaoweza kujibizana. Katika chumba cha watu 8 jozi hizo ni 28, na dakika ni zile zile. Mwenye haya akiwa mmoja kati ya wanane hujificha bila mtu kutambua. Akiwa mmoja kati ya wanne, kimya chake kinaonekana, na wenzake humwita kwa jina.

Kwa hiyo chumba cha watu 4 ndicho kinachofaa kwa kazi nyingi. Watatu wangetosha mahali penye mtandao imara, lakini palipo na mtandao wa kuyumba mmoja akitoka hubaki wawili, na akitoka wa pili chumba kimekufa. Watano huvumilika. Wawili wawili hufaa kwa jambo la dakika mbili, kama kumweleza mwenzako kwa maneno yako kile kilichosemwa sasa hivi.

Katika hesabu hiyo wahesabiwe watu, zisihesabiwe simu. Vijijini ni kawaida watu wanne kukusanyika mbele ya simu moja katika ofisi ya kijiji au chini ya mwembe, na programu huwaona kama mtu mmoja. Mwezeshaji asiyeuliza huwaingiza katika chumba chenye watu wengine watatu, na kumbe amefanya kundi la watu saba. Watu waliozunguka simu moja wamekwisha kuwa chumba. Waachwe ukumbini, wazime kipaza sauti, wajadili ana kwa ana, kisha wakiwashe muda ukifika. Hilo pia huwaokolea data.

Zoezi la ndoo na mita

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mafunzo ya wajumbe wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo vinatambuliwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Umechaguliwa kwa sababu maji ni jambo linalomgusa kila mkazi, na kwa sababu unaonyesha waziwazi tofauti kati ya kazi inayofungua vinywa na ile inayovifunga.

Kazi mbaya husomeka hivi: "Jadilini changamoto za uendeshaji wa miradi ya maji." Hakuna anayeweza kukosea katika swali hilo, kwa hiyo hakuna anayeweza kujifunza. Kila chumba kitarudi na maneno yale yale: elimu itolewe, ushirikiano uimarishwe.

Kazi nzuri husomeka hivi: "Kijiji kina kituo kimoja cha kuchotea maji. Jana daftari la muuzaji lilionyesha ndoo 240 zilizouzwa kwa shilingi 50 kila moja. Ndoo huhesabiwa kuwa na lita 20. Mita iliyofungwa kwenye bomba linalotoka tangini ilionyesha kwamba zilitoka lita 6,000. Kuna pengo la lita ngapi, linagharimu kiasi gani kwa mwezi, na limetokana na nini?"

Sehemu ya hesabu ni nyepesi. Ndoo 240 za lita 20 ni lita 4,800. Pengo ni lita 1,200, yaani ndoo 60, yaani shilingi 3,000 kwa siku na 90,000 kwa siku 30. Uzito umo katika swali la mwisho. Ukumbini, mbele ya watu 40, swali hilo lina hatari yake, kwa maana sauti ya kwanza kusikika huenda ikasema kwamba muuzaji anakula fedha. Sauti ya pili itaunga mkono, na mtu asiyekuwapo kujitetea atakuwa amepoteza kazi na jina kabla somo halijafika nusu.

Ndipo inapofaa mbinu iliyobuniwa mwaka 1971 na mwanasaikolojia Elliot Aronson pamoja na wanafunzi wake huko Austin, Texas, nchini Marekani. Shule za mji huo zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, na uhasama ulijaa madarasani. Aronson alilikata somo vipande, kila mtoto akapewa kipande ambacho wenzake hawakuwa nacho. Aliyetaka kulijua somo zima alilazimika kumsikiliza yule aliyekuwa akimdharau.

Katika zoezi la maji, kila mmoja kati ya watu wanne wa chumba hutumiwa karatasi yake kabla ya darasa, kwa njia ya ujumbe wa simu au picha. Wa kwanza anazo namba za mita. Wa pili ana ukurasa wa daftari la mauzo. Wa tatu ana taarifa ya fundi, inayosema kwamba bomba lilikaguliwa kwa macho na hakuna mahali palipoonekana kuvuja. Wa nne ana maelezo ya wachotaji: muuzaji hutoza kwa chombo, si kwa lita, na wengi siku hizi huja na madumu ya lita 25.

Hapo mazungumzo hubadilika. Mwenye karatasi ya nne, ambaye katika mikutano mingi ni mama anayechota maji mwenyewe na ambaye ukumbini asingeomba nafasi, ndiye anayeshika ufunguo. Vyombo vyote 240 vikiwa madumu ya lita 25, maji yaliyotoka ni lita 6,000 kamili. Hakuna wizi, hakuna bomba lililopasuka, kuna bei isiyolingana na chombo. Vikiwa nusu tu, bado lita 600 hazina maelezo, na kuvuja kusikoonekana kwa macho kunabaki kuwa jambo la kutazamwa. Chumba kinajifunza kwamba hakiwezi kuhukumu mpaka madumu yahesabiwe. Mwenye hasira ya kumfukuza muuzaji amesimamishwa na hesabu ya jirani yake, bila mtu yeyote kumkemea mbele ya hadhara.

Nani akae na nani

Programu inaweza kuwagawa watu yenyewe kwa bahati nasibu, au mwezeshaji akawapanga mmoja mmoja, au kila mtu akachagua chumba. Bahati nasibu ni ya haraka, nayo inatosha watu wakiwa wa cheo kimoja. Penye mchanganyiko wa wakubwa na wadogo kazini, ni heri kupanga. Mtunza hazina kijana hatasema neno kuhusu daftari akiwa chumba kimoja na mwenyekiti aliyelitia saini. Si woga tu, ni adabu aliyolelewa nayo. Kumwamuru aanze kusema kabla ya mzee ni kumtia katika matatizo.

Karatasi hutatua jambo hilo bila kuvunja heshima ya mtu. Zamu ya kusema haifuati umri wala cheo, inafuata karatasi: namba moja, mbili, tatu, nne. Mzee akipewa karatasi ya nne huwasikiliza wengine wote kabla yake na hakuna aliyemnyang'anya nafasi. Wenyeviti nao wanaweza kuwekwa chumba kimoja, ambamo hakuna wa kumwogopa mwenzake, na mara nyingi huko ndiko ubishi mzuri zaidi hutokea.

Ili kupanga kuwezekane, majina yaonekane. Wahudhuriaji wengi huonekana kwa jina la aina ya simu zao badala ya majina yao. Dakika tano za mwanzo zitumike kuwaomba waandike kijiji kisha jina, na anayeshindwa asaidiwe na mwenzake. Kazi hiyo inachosha, lakini isipofanyika mwezeshaji atakuwa akiwapanga watu asiowajua.

Dakika kumi na mbili

Maelekezo hutolewa ukumbini kabla vyumba havijafunguliwa, kwa sauti na kwa maandishi, maana aliyekwisha kuingia chumbani haoni tena kilichoonyeshwa ukumbini. Maneno kama haya yanatosha: "Ndugu wajumbe, mtakaa vyumbani kwa dakika 12. Kila mmoja asome karatasi yake kwa zamu, kuanzia namba moja. Mwenye karatasi namba mbili ndiye katibu. Mkirudi, katibu ataandika mambo mawili tu: kiasi cha pengo, na jambo moja mtakalolikagua." Kisha mjumbe mmoja aombwe kuyarudia kwa maneno yake. Akibabaika, maelekezo hayajaeleweka, na vyumba visifunguliwe.

Mwezeshaji mwenye vyumba 10 na dakika 12 ana dakika moja kwa kila chumba, ukiondoa muda wa kuingia na kutoka. Asijaribu kufundisha katika dakika hiyo. Aingie, asikilize kama kazi imeanza, atoke. Kuingia kwake hunyamazisha chumba, kama mwalimu mkuu anapopita dirishani, kwa hiyo aanze na vyumba vyenye wageni wa teknolojia na aviache vinavyokwenda. Zikibaki dakika 4, atume tangazo kwa vyumba vyote. Katika Zoom, akivifunga, watu huhesabiwa sekunde 60 kabla ya kurudishwa, isipokuwa kama amebadilisha mpangilio huo. Sekunde hizo ndizo anazotumia katibu kuyathibitisha maandishi yake.

Darasa la watu wengi linahitaji mtu wa pili anayebaki ukumbini muda wote. Aliyekatikiwa na mtandao akirudi huweza kujikuta ukumbini peke yake, asione mtu, akadhani somo limekwisha. Mlinzi wa ukumbi humpokea na kumrudisha chumbani kwake. Karani wa ofisi ya kata aliyefundishwa kwa nusu saa anaiweza kazi hiyo.

Kuhusu kamera, busara ni kutoilazimisha. Picha ya video hula data kuliko sauti kwa tofauti kubwa, na aliyenunua bando la siku moja anajua hivyo kuliko mwezeshaji. Anayesikiliza gizani hajatoroka. Ombi la haki ni kwamba awashe kamera kwa nusu dakika wakati wa kusalimiana chumbani, wenzake wamwone uso, kisha aizime.

Yako madarasa ambayo hayahitaji vyumba hata kidogo. Watu wakiwa sita, ukumbi wenyewe ni chumba. Jambo likiwa tangazo tupu, kama tarehe ya chanjo au ratiba ya ukaguzi, litangazwe na watu waachiwe waende zao. Kuwapeleka vyumbani ili somo lionekane la kisasa ni kuwapotezea watu fedha.

Watoto na kumbukumbu

Wazazi wana sababu ya kuuliza zaidi. Mwalimu mmoja hawezi kuwa katika vyumba vinane kwa wakati mmoja, na chumba chenye watoto watupu ni chumba kisicho na mtu mzima. Maneno ya matusi au uonevu yakisemwa humo, huenda yasijulikane. Kwa watoto wa shule ya msingi, kila chumba kiwe na mtu mzima anayefahamika shuleni, au vyumba visitumike. Kwa wa sekondari, mwalimu awaonyeshe kitufe cha kumwita kabla ya kuwagawa, awajulishe kwamba ataingia bila hodi, na azuie watu wasiojulikana kuingia darasani tangu mwanzo. Mzazi ana haki ya kumwuliza mwalimu kwa upole nani atakuwa chumba kimoja na mwanawe.

Kurekodi nako kuna mambo yake. Katika Zoom, kumbukumbu inayohifadhiwa kwenye mtandao hunasa ukumbi mkuu, haifuati watu vyumbani. Kwa hiyo kilichojadiliwa vyumbani kisipoandikwa na katibu kimepotea. Kwa upande mwingine, sura na sauti ya mtu ni taarifa zake binafsi, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wahudhuriaji waambiwe kabla kwamba darasa linarekodiwa, kwa sababu gani, na nani ataiona kumbukumbu hiyo. Aliyekubali kusikiwa na wenzake watatu hajakubali kusikiwa na kundi zima la WhatsApp la kata.

Kurudi ukumbini

Vyumba 10 vikitoa taarifa ya dakika 4 kila kimoja, dakika 40 zimekwisha, na kuanzia chumba cha tatu kila msemaji huanza kwa kusema kwamba wenzake wamekwisha kuyasema. Ndiyo maana makatibu huombwa kuandika mambo mawili tu. Wote huyaandika katika sehemu ya ujumbe, lakini hawayatumi mpaka mwezeshaji atoe ishara, ili chumba cha polepole kisinakili jibu la chumba cha haraka. Ishara ikitolewa, majibu 10 hujitokeza kwa pamoja na kila mtu anayaona.

Mwezeshaji haanzi na jibu sahihi. Anatafuta vyumba viwili vilivyotofautiana: kimoja kimeandika "tukague bomba", kingine "tuhesabu madumu". Makatibu wao husemeshwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja dakika mbili, na vyumba vingine husikiliza kwa sababu sasa kuna jambo ambalo halijaamuliwa. Katibu akimtaja aliyetoa wazo kwa jina, kwa mfano "mama yetu wa karatasi namba nne ndiye aliyeliona hilo", aliyenyamaza miezi sita katika mikutano husikia jina lake ukumbini kwa mara ya kwanza.

Katika zoezi hili hakuna sababu ya kuchagua kati ya majibu hayo mawili, kwa kuwa yote yanakagulika kwa siku moja bila gharama. Muuzaji apewe daftari lenye safu mbili, ya ndoo za lita 20 na ya madumu ya lita 25, aweke alama kila chombo kinapojazwa. Usiku, kituo kikishafungwa, wajumbe wawili waisome mita iliyo kwenye bomba linalotoka tangini na waandike namba. Alfajiri, kabla kituo hakijafunguliwa, waisome tena. Namba zikiwa zile zile, bomba ni zima na jibu limo katika madumu. Mita ikiwa imesogea, tofauti ya namba hizo mbili ni maji yaliyopotea njiani usiku ule kati ya tangi na kituo, na fundi aitwe siku hiyo hiyo.

Kila chumba hupangiwa kijiji chake na tarehe ya kuleta namba hizo. Darasa linalofuata hufunguliwa kwa kuzisoma.